Ukalimani wa Istilahi za Bima katika Mikutano ya Wakulima: Neno "Fidia" katika Eneo la Nanganga

Nanganga, barabara ya Ruangwa inapochepuka kutoka ile ya Mingoyo–Masasi, ni eneo la korosho na ufuta ambamo Kimwera husikika sambamba na Kimakua na Kiyao. Mkutano wa bima ya mazao hapo huweza kuanzia kwenye mkataba wa Kiingereza, ukapita katika Kiswahili, ukaishia katika Kimwera cha wazee.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, haumo katika Kimwera bali katika Kiswahili chenyewe. Katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, fidia ni stahiki ya anayetwaliwa ardhi: iwe kamili, ya haki na ya haraka. Wilayani Ruangwa, penye madini ya kinywe, maana hiyo si ngeni. Katika bima, fidia hutegemea ada iliyolipwa, janga lililotajwa na kikomo cha mkataba. Mkulima aambiwaye "utafidiwa" huweza kusikia ahadi ya kurejeshewa hasara yote. Mkalimani hana budi kusema "malipo ya bima", kisha amwombe msemaji ataje kikomo kabla mkutano haujaendelea, ingawa watetezi wa ukalimani usioingilia mazungumzo watalipinga hilo.