Moto Katika Majengo ya Biashara: Wajibu ni wa Nani?

Katika soko la mpakani kama Lwakhakha, duka la nguo hupakana na ghala la mahindi, hoteli na nyumba ya kulala wageni. Moto ukianza kwa mmoja, huvuka kwa jirani upesi, na gari la zimamoto likitoka Bungoma mjini lina safari ndefu. Kwa hiyo dakika za kwanza humtegemea aliye ndani ya jengo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Hata hivyo, kazi ya kuzuia moto usianze imewekwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 mikononi mwa anayelitumia jengo kwa kazi, awe mwenye jengo au mpangaji. Mpangaji hawezi kujitetea kwamba jengo si lake. Leseni ya biashara nayo haimwondolei wajibu huo.

Sheria inataka nini?

• Milango: Wafanyakazi wakiwa ndani, mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo hauwezi kufunguliwa kwa urahisi kutoka ndani.

• Vifaa: Kuwe na vifaa vya kuzima moto vinavyofaa, vilivyo mahali pa kufikika, na vinavyokaguliwa. Maji hayafai kwa moto wa petroli wala wa umeme. Hapo hutumika mtungi wa poda au wa kaboni dayoksaidi.

• Mazoezi na ukaguzi: Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinataka wafanyakazi wafanye mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka, na jengo likaguliwe kila mwaka na mkaguzi aliyeidhinishwa.

• Mafuta: Kuuza petroli kunahitaji leseni ya EPRA chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Mitungi ya plastiki ya petroli ndani ya duka ni hatari kwa safu nzima ya maduka.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni mlango. Wafanyabiashara wengi hufunga mlango wa nyuma kwa kufuli na kuweka vyuma madirishani kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ina msingi, lakini gharama yake inajulikana. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Baadaye, mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ulikataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na kuagiza milango ifunguke kwa nje.

Mwizi anaweza kuzuiwa bila kumfungia mtu ndani. Komeo imara la ndani, lisilohitaji ufunguo, humzuia aliye nje na kumruhusu aliye ndani kutoka, hata gizani na katikati ya moshi.

Anayekiuka sheria anaweza kutozwa faini, kufungwa jela, au vyote viwili. Mfanyakazi anayeona hatari anaweza kuripoti kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Moto ukitokea, watu watoke kwanza, kisha msaada uitwe kwa 999 au 112. Mali huokolewa mwisho.