Duncan Benchini: Asili ya Mabishano ya Miami ya Mwaka 2013

Wapo mashabiki wa mpira wa kikapu huku Marekani ambao, ukitaka kuwaharibia karamu, huna haja ya kuwatukana. Wataje tu Tim Duncan, kisha uulize alikuwa wapi usiku wa tarehe 18 Juni 2013, katika sekunde 28 za mwisho za mchezo wa sita wa fainali baina ya San Antonio Spurs na Miami Heat. Jawabu halina siri: alikuwa ameketi benchini, kwa amri ya kocha wake, Gregg Popovich. Kinachobishaniwa ni kama amri ile ilikuwa tadbiri ya mtu mwenye hekima au taksiri iliyompokonya kombe mkononi; na kwa kuwa vijana wetu wengi wa ughaibuni, walioanza kuupenda mchezo huu baada ya mwaka ule, huyasikia mabishano hayo pasipo kuujua mkasa wenyewe, nimeona vyema niueleze tangu chanzo chake, wala sitaificha rai yangu.

Katika ligi ya NBA, timu 16 huingia katika mchujo baada ya msimu wa kawaida kwisha, na kila mbili zinapokutana hukabiliana mpaka moja ishinde michezo minne. Kwa hiyo mahasimu waweza kuonana mara saba katika muda wa wiki mbili, wakajuana tabia, hila na udhaifu kwa namna ambayo mchezo mmoja wa mtoano, tuliouzoea katika kandanda, hauwezi kuifunua. Mwaka ule Miami ilikuwa bingwa mtetezi, na nguzo zake zilikuwa LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh. San Antonio ilikuwa imekwisha kutwaa makombe manne, ya 1999, 2003, 2005 na 2007, yote chini ya Popovich, na yote Duncan akiwamo. Na ubavuni mwake walikuwapo Tony Parker, Mfaransa, na Manu Ginobili, Muargentina, watu waliocheza pamoja miaka mingi hata ikawa kila mmoja aijua pasi ya mwenziwe kabla haijatoka mkononi.

Mchezo wa kwanza waliushinda Spurs kwa 92-88, Parker akitupa mpira ukagonga ubao ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 5.2, na msomaji na aikumbuke hesabu hiyo, maana itarudi kwa sura nyingine. Wa pili ukawa wa Miami, wa tatu wa Spurs kwa 113-77, wa nne wa Miami, wa tano wa Spurs. Hivyo walipoingia mchezo wa sita, nyumbani kwa Miami, Spurs walikuwa na ushindi wa michezo mitatu kwa miwili, na kombe la tano lilikuwa umbali wa mchezo mmoja. Afrika ya Mashariki ilikuwa saa kumi za alfajiri, wakati ambao mwenye kuamka ama anakwenda kusali ama anafuata mpira.

Duncan, aliyekuwa na umri wa miaka 37, alicheza kipindi cha kwanza kana kwamba umri ulikuwa uvumi wa mahasidi: alifunga pointi 25 kabla ya mapumziko. Robo ya nne ilipoanza, Spurs walikuwa mbele kwa pointi 10. Hapo LeBron James, ambaye kitambaa chake cha kichwani kilimtoka katika msukumano asikirudishe tena, akaanza kuushambulia mpira kama mwenye deni, na Miami wakarudi, wakasawazisha, hata wakatangulia. Kisha Spurs wakajikusanya, na zilipobaki sekunde 28.2 Ginobili akapata mitupo miwili ya adhabu, akakosa mmoja akafunga mmoja, yakawa 94-89. Watumishi wa uwanja wakaanza kutoa kamba za manjano za kuuzungushia uwanja kwa ajili ya sherehe ya kukabidhi kombe, na baadhi ya mashabiki wa Miami wakaondoka, ambao dakika chache baadaye walikuwa wakigonga milango wakiomba kurudishwa ndani.

Sasa ni lazima nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji aliyelelewa na kandanda. Katika kikapu mchezaji aliyetolewa hurudi, na hutoka tena na kurudi tena, mara nyingi atakavyo kocha. Kwa hiyo ni jambo la kila siku kocha kuwa na watano wake wa kushambulia na watano wake wa kuzuia, akawapishanisha kila mpira unaposimama. Kumtoa mtu mkubwa kwa zamu moja ya ulinzi si fedheha wala si ajabu. Fauka ya hayo, Miami waliokuwa nyuma kwa pointi 5 walihitaji mitupo ya pointi tatu, ambayo NBA iliianzisha mwaka 1979, na mstari wake uko mbali: meta 7.24 mbele ya pete, na meta 6.70 pembeni. Bosh, mtu mrefu wa Miami, alikuwa hodari wa kutupa kutoka mbali. Akisimama huko nje, mlinzi wake Duncan angelazimika kumfuata na kukimbizana na watu wepesi kuliko yeye. Popovich akamtia Boris Diaw, Mfaransa mwingine, mfupi kuliko Duncan na mwepesi wa kubadilishana watu, ili kila mlinzi aweze kumpokea kila mshambuliaji bila ya kuacha upenyo. Hiyo ndiyo hoja yake, na ni hoja ya mtu anayejua kazi.

LeBron akatupa, akakosa. Mpira ukagombaniwa chini ya pete, pasipo Duncan, ukawaponyoka Spurs, ukarudi kwa LeBron, akatupa tena, ukaingia: 94-92, sekunde 20.1. Miami wakamfanyia faulo Kawhi Leonard, kijana wa miaka 21, akaenda kwenye mstari wa adhabu, akakosa mmoja akafunga mmoja: 95-92. Duncan, aliyekuwa amerudishwa kwa zamu ya kushambulia, akatolewa tena. LeBron akatupa tena kutoka mbali, akakosa tena. Safari hii aliyeruka juu ya wote kuudaka mpira ni Bosh, na mwenzake Ray Allen, aliyekuwa ameingia ndani akiisubiri ribaundi, yaani mpira unaorudi kutoka kwenye pete, kama wengine, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea pembe ya kulia.

Pembe ile ni mahali pembamba mno. Baina ya mstari wa pointi tatu na mstari wa nje hapatimii hata meta moja, na mtu wa viatu vikubwa akikosea kidole kimoja, ama mtupo wake unakuwa wa pointi mbili, ama mpira umetoka nje. Allen hakuangalia chini. Alikuwa na umri wa miaka 37, sawa na Duncan, na ilijulikana ligini kote kwamba kwa miaka alikuwa akifanya zoezi ambalo wenzake waliliona la kichaa: kulala chini karibu na pete, kuinuka ghafula, kukimbia kinyumenyume hadi pembeni, kupokea pasi na kutupa bila ya kuitazama miguu. Bosh akampasia, Parker akamrukia kwa mkono ulionyoshwa, na mpira ukapita. 95-95, na saa ilionesha sekunde 5.2. Katika muda wa nyongeza Miami wakashinda kwa 103-100, Bosh akiuzuia mtupo wa mwisho wa Danny Green wa Spurs.

Tangu usiku ule umma umegawanyika. Kundi la kwanza husema, tena kwa sauti ya juu, kwamba mipira miwili ilirudi kutoka kwenye pete na yote miwili ikachukuliwa na Miami, ilhali mtu aliyedaka ribaundi 17 usiku uleule alikuwa amekaa kitini, na kwamba jambo hilo halihitaji falsafa. Kundi la pili hujibu kwamba hukumu hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuuona mwisho. Kwamba Popovich alitaka LeBron akose, na LeBron alikosa mara mbili. Na kwamba laiti Ginobili na Leonard wangalifunga mitupo yao yote ya adhabu, ambayo hutupwa pasipo mlinzi, Allen angalirudi pembeni kwa ajili ya takwimu tu.

Hoja ya mitupo ya adhabu ni ya kweli lakini haimwokoi kocha, kwani kazi yake ni kupanga mambo akijua kwamba watu hukosa. Naona makundi yote mawili yanakosea kwa kuziunga zamu mbili zikawa moja. Ukiwa mbele kwa pointi 3, mtupo mmoja wa mbali unakusawazisha, basi kuwatanguliza walinzi wepesi ni jambo lenye hujja, hata kama litakugharimu chini ya pete. Hapo simlaumu Popovich. Ukiwa mbele kwa pointi 5, hali ni nyingine kabisa. Mtupo huo ukiingia, bado u mbele kwa 2, na mpira ni wako. Kinachokuangamiza ni adui kujaribu, kukosa, kisha kujaribu tena katika zamu ileile, kwa sababu zamu haimaliziki mpira unapokosa. Humalizika mtu wako anapoushika. Katika zamu ile ya kwanza ribaundi ilikuwa na thamani kuliko ulinzi wa mbali, na hapo ndipo Duncan alipostahili kuwapo. Ajabu ni kwamba watu hubishana juu ya zamu ya pili tu, kwa sababu ndiyo yenye picha ya Allen.

Na kuhusu ribaundi, ambayo wengi wetu huiona kazi ya wasiojua kufunga, sisi wasema Kiswahili tunaye shahidi wetu. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, hakupata kuwa mfungaji wa kutisha. Lakini katika mchujo wa 2016, akiichezea Toronto Raptors dhidi ya Cleveland ya LeBron huyohuyo, alidaka ribaundi 26 katika mchezo mmoja, na Toronto wakashinda kwa 99-84. Nimewasikia watu wazima wakimwita mtu huyo kibarua wa timu. Popovich angalimpata kibarua wa namna hiyo kwa nusu dakika tu, mabishano haya yasingalikuwapo.

Liko pia suala la faulo, nalo huwachemsha zaidi makocha wa Ulaya, ambao wengi wao, wakiwa mbele kwa pointi 3 na muda umekwisha kuyoyoma, humfanyia mpinzani faulo kwa makusudi ili apate mitupo miwili tu asiweze kusawazisha. Spurs hawakufanya hivyo. Hatari yake iko wazi: ukimgusa mtu ambaye tayari ameinua mikono kutupa, unampa mitupo mitatu, na LeBron alikuwa akitupa upesi kuliko mkono wa mlinzi. Lakini Bosh alipoudaka mpira chini ya pete hakuwa akitupa. Alikuwa akimtafuta wa kumpa. Mtu wa Spurs aliyekuwa karibu naye, kama angalimshika kiuno mara moja, Bosh angalikwenda kwenye mstari kwa mitupo miwili, na Miami wangalikuwa bado nyuma. Sisemi ilikuwa rahisi katika mchafuko ule. Nasema ndiyo nafasi pekee ya faulo iliyokuwa salama, na sijaisikia ikitajwa inavyostahili.

Siku mbili baadaye ulichezwa mchezo wa saba, na hapa kumbukumbu za watu huwa na dhuluma kidogo, kwani husimuliwa kama kwamba Spurs walikwenda kuzikwa tu. La. Katika dakika ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi 2, na Duncan alipata mpira karibu kabisa na pete, akilindwa na Shane Battier, mtu mfupi kuliko yeye. Akatupa akakosa, akaugonga tena ukakataa, akarudi upande wa pili akaipiga sakafu kwa viganja. LeBron, aliyemaliza na pointi 37, akafunga upande wa pili, na Miami wakashinda kwa 95-88. Mtu yule ambaye umma wote unasema angaliokoa mchezo wa sita, alipewa mchezo wa saba mkononi akiwa mahali apendapo.

Mwaka uliofuata timu hizohizo zikakutana tena, na Spurs wakashinda kwa minne kwa mmoja, Leonard akitajwa mchezaji bora wa fainali. Wafuasi wa Popovich huutoa ushindi huo kama hati ya kumtakasa, nami siioni nguvu yake, maana kombe la 2014 haliwezi kutoa ushahidi juu ya nusu dakika ya 2013. Hoja yao nyingine inanivutia zaidi. Tangu 1985 hadi mwaka ule wa 2013, fainali zilipangwa kwa miwili, mitatu, miwili: mwenyeji aliyekuwa na rekodi bora hucheza miwili nyumbani, kisha mitatu ugenini, kisha miwili ya mwisho nyumbani. Kuanzia 2014 mpango ukabadilishwa, na mchezo wa sita ukahamishiwa kwa yule wa pili. Laiti mabadiliko hayo yangalikuja mwaka mmoja kabla, wasema watu wa Texas, kamba za manjano zingalitolewa San Antonio. Husahau kwamba kwa mpango huohuo mchezo wa tano, ambao Spurs waliushinda kwa 114-104 mbele ya watu wao, ungalichezwa Miami, na pengine wangaliuingia huo wa sita wakiwa wao ndio walio nyuma.