Doa Jeupe Katika Ugwe wa Mgongo

Mtu ainamapo kufunga viatu, akahisi kama umeme umemshuka ghafla kutoka shingoni hata nyayoni, aghalabu hulaumu mto aliolalia. Walakini tabibu wa mishipa ya fahamu, asikiapo habari hiyo, humkumbuka Mfaransa Jean Lhermitte, aliyeieleza dalili hiyo mwaka 1924, na fikira yake huelekea moja kwa moja kwenye ugwe wa mgongo.

Ugwe huo, wenye unene wa kukaribia kidole cha mwisho na urefu wa kama sentimeta 45, umesitirika ndani ya pingili, nao ndio njia ya amri zitokazo ubongoni na hisia zirudizo huko. Katika maradhi yaitwayo MS, kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando wa mafuta uliozifunika nyuzi za fahamu, na palipojeruhiwa hubaki kovu. Jean-Martin Charcot, alipoyafafanua maradhi haya mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, alilazimika kumngoja mgonjwa afe ndipo ayaone makovu yenyewe. Leo kipimo cha MRI, kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, huyadhihirisha mgonjwa angali hai.

Kuupiga ugwe picha si kazi nyepesi. Ubongo umetulia ndani ya fuvu, bali ugwe jirani zake ni moyo upigao, kifua kipandacho na kushuka, na koo limezalo mate. Kwa hiyo mgonjwa huombwa asimeze wakati mashine inagonga, naye hulala amekaza taya, mate yakimjaa kinywani, akingoja kelele zikome. Pichani ugwe huonekana kama utepe wa kijivu kati ya maji meupe, na kovu la MS ni doa jeupe, fupi, lisilofikia urefu wa pingili mbili, limeegemea ukingoni, hususan sehemu ya shingo.

Thamani ya doa hilo ni kubwa mno, nami nasikitika kila nisikiapo kwamba mgonjwa amepimwa kichwa tu. Madoa ya ubongoni huletwa pia na uzee, shinikizo la damu na kipandauso, hata tabibu akasitasita. Ugwe, kinyume chake, ni nadra kutiwa madoa na umri.

Kanuni za kuitambua MS, zenye jina la tabibu Ian McDonald, zilizotolewa mwaka 2001, zilitaka ithibitike kuwa maradhi yamezuka mahali zaidi ya pamoja na nyakati zaidi ya moja, na ugwe ukahesabiwa miongoni mwa mahali hapo. Hata nyakati zaweza kusomwa katika picha moja: mgonjwa akidungwa dawa ya picha yenye gadolini, doa jipya hung'aa, la zamani lising'ae. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, hata doa lililoleta dalili zenyewe huhesabiwa, na baadhi ya wagonjwa hawalazimiki tena kungojea shambulio la pili ndipo waanze dawa.

Doa likivuka pingili tatu au zaidi, tabibu hushuku maradhi mengine, NMO, yashambuliayo macho na ugwe, ambayo alama yake katika damu iligunduliwa mwaka 2004. Baadhi ya dawa za MS humzidishia madhara mwenye NMO. Ndiyo maana, kabla cheti cha dawa hakijaandikwa, pingili huhesabiwa moja moja.