Kwa nini mgonjwa njo anatafuta damu?



Nikiwa mwaka wa mwisho hapa Lubumbashi, mtoto wa dada yangu alishikwa na malaria kali, damu ikamupungukia. Docta wa hospitali moja akatuambia: "Mulete batu babili ba kutosha damu." Ilikuwa saa tano ya usiku. Shemeji akaanza kupigia ndugu simu, mimi nikakimbilia kampasi kuamsha wanafunzi wenzangu. Mtoto alipona. Lakini swali lilibaki: kwa nini damu haikuwa inamungojea?

Nilitafuta kujua vituo vya damu vilianza namna gani. Nikakuta havikuanza na friji, vilianza na orodha ya majina. Mwaka 1921, London, hospitali ya King's College ilipigia Msalaba Mwekundu wa Camberwell simu ikiomba mutu wa kutoa damu. Percy Oliver akaenda na wenzake, muuguzi mmoja akatoa. Kisha Oliver akaandika watu walio tayari kuitwa, wakapimwa aina ya damu mbele ya wakati. Hakuna aliyelipwa, na simu za hospitali zilipokelewa nyumbani kwake. Njo kituo chenyewe!

Kwetu, kwa miaka mingi damu ililetwa na jamaa, ao na mutu wa kulipwa. Mwaka 1988 watafiti walitangaza habari ya kuogopesha kutoka hospitali Mama Yemo, Kinshasa: watoto wa malaria waliowekewa damu walikutwa na virusi vya sida kuliko wengine, na kila mara walipowekewa tena, hatari ilizidi. Kile kilichookoa mtoto njo kilimuambukiza. Mwaka 2001 nchi ikaanzisha programu ya kitaifa ya damu, PNTS, yenye kutegemea vituo vya majimbo na watu wa kujitolea.

Wengi wanasema damu ya ndugu njo salama. Mimi pia nilisema vile. Lakini ndugu aliyeitwa usiku, familia yote ikimuangalia, ataweza kweli kujibu maswali juu ya maisha yake? Na kipimo hakioni virusi vya siku za kwanza kabisa. Mutu anayerudi kila mara, yeye amepimwa tena na tena.

Halafu damu haikai. Chembe nyekundu zinadumu siku 35 ao 42 kwenye baridi, kufuatana na dawa iliyo ndani ya mfuko. Tunajipanga kwa wingi tarehe 14 Juni, siku ya watoaji damu, tunapiga picha. Mwisho wa Julai ile damu imekwisha, wanafunzi wako vakansi, na mvua yenye kuleta malaria haijaanza bado. Mwanaume anaweza kurudi kisha miezi 3, mwanamke kisha miezi 4.

Mimi nilitoa mwezi wa sita. Narudi mwezi wa kumi, mvua ikikaribia. Nani tutaenda naye?