Kutambua Mahali kwa Alama za Mawimbi ya Redio

Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia katika vijiji vya wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Wakati wa maafa kama hayo waokoaji huhitaji kujua kwanza mahali walipo watu. Katika delta, ambako mikondo mingi hupita katikati ya mikoko, kosa la mita 500 latosha kuipeleka boti katika mkondo mwingine.

Simu hupokea ishara za satelaiti na kwa hizo hutambua mahali ilipo. Ishara hizo hudhoofika ndani ya nyumba na chini ya miti minene. Njia nyingine ni kutumia nguvu za mawimbi ya minara ya simu. Kila mahali pana mchanganyiko wake wa nguvu hizo, mfano wa alama ya kidole. Wapimaji huzipima katika vituo vinavyojulikana na kuzihifadhi. Baadaye simu ikipima mawimbi, kompyuta hutafuta kituo kinachofanana nayo zaidi. Mwaka 2000 watafiti Bahl na Padmanabhan wa kampuni ya Microsoft, Marekani, walieleza mfumo wa aina hii uliokisia mahali pa mtu ndani ya jengo kwa kosa la kawaida la mita 2 hadi 3. Mashambani, ambako minara ni michache, kosa huwa kubwa zaidi.

Katika delta kuna tatizo jingine, nalo ni maji. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yakijaa, uso wake huakisi mawimbi. Yakipwa, tope na mizizi ya mikoko hubaki wazi. Wimbi lililoakisiwa hukutana na lile lililokuja moja kwa moja, na mawili hayo huongezeana nguvu au kupunguzana. Kwa hiyo alama iliyopimwa maji yakiwa yamekupwa yaweza kupotosha saa sita baadaye.

Usahihi huongezwa kwa njia nne. Kwanza, kila kituo kipimwe mara nyingi, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, na kompyuta ichague orodha inayolingana na saa ya maji. Pili, ilinganishwe tofauti kati ya minara. Tuseme simu moja inapokea mnara wa kwanza kwa desibeli 78 chini ya miliwati 1, na wa pili kwa 91. Simu dhaifu zaidi itasoma 84 na 97, lakini tofauti itabaki 13. Tatu, badala ya kituo kimoja, utafutwe wastani wa vituo vichache vinavyofanana zaidi, vilivyo karibu zaidi vikipewa uzito mkubwa. Nne, mwendo uzingatiwe, kwa kuwa mtumbwi hauwezi kuvuka msitu wa mikoko kwa sekunde moja.

Mnara uliozimika kwa kukosa umeme usihesabiwe kuwa wenye mawimbi dhaifu, bali uondolewe katika ulinganisho. Mafuriko huweza kuizima minara wakati huohuo ambapo waokoaji wanaihitaji. Hivyo upimaji hauna budi kufanywa kabla ya masika na kurudiwa kila minara inapobadilishwa.