Kufufua Injini Ndogo za Bustani kwa Vipuri vya Mashine Chakavu

Mashine ya kukatia nyasi, pampu ya kumwagilia bustani na trekta dogo la mkono ni ndugu wa ukoo mmoja, kwani aghalabu zote huendeshwa na injini ndogo yenye silinda moja. Mashine hizo zinapozimika mara nyingi hutupwa nyuma ya ghala na kusahauliwa, ingawa pengine kilichoharibika ni kipande kimoja tu, na vingine vyote ni vizima. Kipande hicho chaweza kupatikana katika mashine nyingine iliyokwisha kufa. Lakini kipuri kilichookotwa kitajulikanaje kwamba kinafaa? Fundi hutegemea macho na mazoea. Hata hivyo jibu la hakika limo katika fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

MAZIMBU, MAHALI PA KUFUFUA VYA KALE

Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro na karibu na milima ya Uluguru, palikuwa na shamba la mkonge. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa African National Congress cha Afrika Kusini eneo hilo, na majengo machache makuukuu yaliyokuwapo yakakarabatiwa ili yatumike tena. Hapo ndipo kilipojengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1985, kikiwa na madarasa, karakana na shamba la mazao na mifugo. Misaada yake ilitoka katika nchi mbalimbali. Mwaka 1992 chuo kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na siku hizi mahali hapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Mahali panaposaidiwa na nchi nyingi, hapana budi mashine zake nazo huwa za nchi nyingi. Ndivyo ilivyo katika shule, misheni na mashamba mengi ya Tanzania: mashine moja ni ya Uingereza, ya pili ni ya Marekani, ya tatu ni ya Japani. Mvua za masika zinaponyesha na nyasi kurefuka, mashine moja iliyokufa kwa kukosa kipuri ni hasara kubwa, na jirani yake iliyo chakavu huwa kishawishi.

Kishawishi hicho si kibaya. Mwaka 1946, baada ya vita, Soichiro Honda wa Japani alichukua injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Injini hizo zilipokwisha, alianza kutengeneza za kwake. Kazi ya kutumia vyuma vilivyoachwa ilimfundisha kuunda vipya.

MAMBO MATATU YA KUCHUNGUZA

Injini ya mipigo minne, iliyofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, hufanya kazi nne kwa zamu: huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha hutoa moshi. Kwa hiyo injini isiyowaka huulizwa mambo matatu tu: je, ina mbano? Je, ina cheche? Je, inapata petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa?

Mbano huchunguzwa kwanza. Kamba ya kuwashia ikivutika kwa ulaini kupita kiasi, gesi inavuja mahali fulani. Fundi hufungua plagi, akatia kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda, kisha akajaribu tena. Mbano ukiongezeka, oili imeziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Basi ringi ndizo zilizochakaa, au silinda yenyewe. Usipoongezeka, vali ndizo za kushukiwa, au gasketi ya kichwa cha silinda. Jaribio hili ni somo zuri la mantiki, kwa sababu badiliko moja tu hutenganisha sababu mbili.

KIPANDE LAINI KINACHOLINDA KIGUMU

Cheche hutokana na sumaku iliyomo katika gurudumu zito la injini. Sumaku inapopita mbele ya koili, umeme huzalishwa na kupelekwa kwenye plagi. Ni lazima cheche itoke wakati halisi. Gurudumu hilo hushikwa mahali pake juu ya krenki na kipande kidogo ambacho mafundi hukiita kii.

Tuchukue injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja wenye digrii 360 huchukua sekunde 0.02. Kipande hicho kikikatika kidogo na gurudumu likasogea digrii 10, wakati wa cheche hukosewa kwa takriban sekunde 0.00056. Kosa hilo, ambalo ni pungufu ya elfu moja ya sekunde, latosha kuifanya injini ikatae kuwaka au iivute kamba kwa nguvu kutoka mkononi mwa mwendeshaji.

Katika injini nyingi za zamani za Briggs & Stratton, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1908, kipande hicho kilitengenezwa kwa metali laini. Kisu cha mashine kikigonga jiwe, krenki husimama ghafla, lakini gurudumu zito hutaka kuendelea kuzunguka, kama sheria ya kwanza ya Newton isemavyo. Hapo kipande laini hukatika, na gurudumu na krenki huponea. Fundi asiyejua sababu hiyo hukiona dhaifu, akaweka mahali pake kipande cha chuma kigumu kilichokatwa kutoka msumari. Siku jiwe litakapogongwa tena, kitakachovunjika hakitakuwa kipande cha bei ndogo, bali krenki au gurudumu lenyewe. Kumbe kipuri kilicho imara zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Kinachotakiwa ni kipuri kifanyacho kazi ile ile ya kile cha kwanza.

TUNDU LA KABURETA

Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya kabureta huacha utando mgumu kama gundi, na mara nyingi jeti, yaani tundu dogo la kupitishia petroli, huziba. Wengi hulichokonoa kwa waya. Tuseme tundu la milimita 0.6 limepanuliwa likawa milimita 0.7. Tofauti yaonekana ndogo, lakini eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo chake. Mraba wa 0.7 ni 0.49, na mraba wa 0.6 ni 0.36, basi eneo limeongezeka kwa asilimia 36 hivi. Injini itapata petroli nyingi kupita kiasi, itatoa moshi mweusi na plagi itajaa masizi. Njia njema ni kuiloweka jeti katika dawa ya kuyeyushia utando huo, kisha kuipuliza kwa hewa. Na jeti ya kuokota isitiwe kabla ya kipenyo chake kulinganishwa na cha ile ya asili.

NATI ZINAZODANGANYA

Hatari nyingine hutokana na vipimo vya nchi mbalimbali. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti mwaka 1841, naye alichagua pembe ya digrii 55. Wamarekani walifuata digrii 60. Bolti ya Whitworth ya nusu inchi ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Ya Marekani ya unene huo huo, kwa nyuzi za kawaida, ina 13. Bolti ya milimita 12 nayo ina nyuzi zilizoachana kwa milimita 1.75. Nati ya aina moja yaweza kuanza kuingia katika bolti ya aina nyingine, kisha ikakwama. Anayeikaza kwa nguvu huziharibu nyuzi, na mtetemo wa injini humalizia kazi hiyo. Nati nzuri huingia kwa vidole mpaka mwisho kabla ya spana kuguswa.

VISIVYOFAA KUOKOTWA

Mpini, magurudumu ya kutembelea, tangi lisilo na kutu, kifuniko cha feni na koili iliyopimwa vyaweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Kisu kilichopasuka au kuungwa kwa kuchomelewa kisitumike kamwe. Kisu chenye urefu wa sentimita 50, kikizunguka mara 50 kwa sekunde, ncha yake husafiri karibu mita 78.5 kila sekunde, yaani takriban kilomita 280 kwa saa. Kipande kikiruka kwa mwendo huo huweza kuua. Vilevile gurudumu zito lenye ufa litupwe. Gasketi za mashine za zamani huenda zikawa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa hiyo zisisuguliwe wala kupigwa msasa zikiwa kavu. Na kabla ya mkono kuingia chini ya mashine yoyote, waya wa plagi uchomolewe kwanza.

KAZI KWA DARASA

Shule yenye mashine mbili au tatu zilizokufa ina maabara isiyohitaji fedha nyingi. Wanafunzi wazifungue wakiongozwa na mwalimu au fundi, wakipanga kila kipande kwa utaratibu na kukiandikia jina, mashine kilikotoka, kipimo chake na kazi yake. Kisha kila kipuri cha kuokotwa kiulizwe maswali manne: je, vipimo vyake ni sawa na vya kile cha asili? Je, kimetengenezwa kwa metali ya aina ile ile? Je, kitahimili joto na mwendo wa mahali kitakapowekwa? Na je, kikivunjika, kitakachoumia ni nini?

Kipuri kinachoshindwa swali la mwisho kirudishwe kwenye lundo la vyuma chakavu, hata kama kimeingia mahali pake barabara.