Sili wa Bandia Mapajani mwa Wazee

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo mzee aulizaye swali lile lile mara kumi kwa saa moja, au ambaye jua likitua hufunga mzigo wake ili arudi kwa mama yake aliyekwisha fariki zamani. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Huo si uchawi, wala si uzee mtupu. Ni maradhi ya ubongo yaitwayo dimensia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuyaponya maradhi hayo haijapatikana. Kazi iliyobaki ni kumtunza mgonjwa na kumtuliza.

Nchini Japani, ambako wazee ni wengi na watunzaji hawatoshi, mtaalamu Takanori Shibata alianza mwaka 1993 kubuni roboti ya kuwaliwaza watu. Hakuunda mtumishi wa chuma. Aliunda mfano wa mtoto wa sili, mnyama wa bahari zenye barafu, akauita Paro. Ulianza kuuzwa huko mwaka 2005, na mwaka 2009 serikali ya Marekani iliutambua kuwa kifaa cha tiba.

Yafaa tujiulize: kwa nini sili, na si paka? Paka alijaribiwa. Lakini watu walimlinganisha na paka wa kweli wanayemjua, wakaona kasoro zake. Sili ni wachache mno waliopata kumpakata.

Paro ina urefu wa sentimita 57 na uzito upatao kilo 2.7, karibu sawa na mtoto mchanga. Ndani ya manyoya yake mna vihisio vya mguso, mwanga, sauti na joto. Ukiipapasa hupepesa macho na kutoa mlio. Ukiizoesha jina, huligeukia. Lakini haisemi neno, na hiyo ni nafuu: mzee aliyepotewa na maneno halazimiki kuijibu.

Je, inafaa? Huko Queensland, Australia, watafiti walichunguza wazee 415 wenye dimensia katika nyumba 28 za kutunzia wazee. Wengine walipewa Paro hai, wengine Paro iliyozimwa, na wengine matunzo ya kawaida tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Waliopewa Paro hai walionyesha furaha zaidi na fadhaa kidogo kuliko waliopata matunzo ya kawaida. Lakini iliyozimwa nayo ilisaidia kwa kiasi fulani. Tofauti kubwa ni kwamba iliyo hai iliwafanya wazee waitazame na kuizungumzisha zaidi.

Hapo pana fundisho kwetu sisi wafanyakazi, maana Paro moja imekuwa ikiuzwa Marekani kwa dola zipatazo 6,000. Sehemu ya faraja hiyo haitoki katika mitambo. Hutoka katika kupata kitu laini cha kupakata, na katika dakika chache zilizotengwa kwa ajili ya mzee.

Wapo pia wanaoonya. Profesa Sherry Turkle wa Marekani ameandika kuwa mashine hujifanya kusikiliza, ilhali haijui uchungu wa anayeisimulia. Onyo hilo lina uzito. Roboti ikimpa mtunzaji nafasi ya kuketi karibu na mzee na kupata la kuzungumza naye, ni msaada. Ikiwekwa mapajani mwa mzee ili watu waondoke, ni njia ya kumtelekeza.

Basi, ndugu msomaji, mzee wako akiuliza tena, usibishane naye. Mwite kwa jina alipendalo, mpe mkononi kitu alichokizoea, na mpeleke kwa daktari mapema. Gawaneni zamu za kumwangalia, wake kwa waume. Mzigo huu usiachiwe binti mmoja wa nyumbani. Mzee huweza kusahau jina lako, na bado akatulia umshikapo mkono.